Aliyeitwa, Kaitwa na Nani?

Kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Kibiti hazifiki kilomita 150, tena ni lami tupu ya Barabara ya Kilwa. Kabla ya kufika Kibiti mjini, pale Bungu, njia inakata kushoto kwenda Nyamisati, na Nyamisati ndiko wasafiri wa Mafia wanakopandia boti. Baada ya hapo inaanza delta ya Mto Rufiji, na ardhi inakatikakatika. Kiongoroni, Maparoni na Msala ni kata za Wilaya ya Kibiti, lakini mtu hafiki huko kwa bodaboda. Anasubiri maji yajae. Yakipwa akiwa njiani, chombo kinakaa juu ya tope katikati ya mikoko, na abiria wote wanakaa nacho.

Jumapili, kwenye kanisa moja la Dar es Salaam, na kwa kweli katika mengi, kijana anashika kipaza sauti kutoa ushuhuda. Mungu amempa mzigo kwa ajili ya nchi fulani. Mara nyingi nchi hiyo iko mbali, na si mara chache ni kisiwa: kimezungukwa na bahari, kina minazi, watu wake hawajafikiwa. Hajawahi kufika. Hajui lugha yake. Aliiona kwenye ramani ya mkesha wa kuombea mataifa, moyo ukashtuka, na tangu siku hiyo usingizi hauji. Waumini wanasimama, akina mama wanafuta machozi, kikapu kinapitishwa kwa ajili ya nauli.

Kijana huyo hadanganyi, na lingekuwa jambo la hovyo kumcheka. Kinachostahili kupingwa ni kanuni iliyosimama nyuma ya machozi yale, kanuni ambayo haijaandikwa popote ila inatawala kote: kwamba mshtuko wa moyo ndio wito, kwamba umbali ndio ushahidi wake, na kwamba aliyeitwa hahojiwi. Kumuuliza nani anamjua huko anakokwenda huonekana ni kukosa imani.

Wapo wanaoijibu kanuni hii kwa mkato. Wanasema aanzie nyumbani, aende Kibiti, kisiwa si lazima kiwe cha Pasifiki. Jibu hilo linapendwa na makatibu wa kamati za fedha, kwa kuwa nauli ya Nyamisati ni nafuu. Lakini linabadilisha anwani tu na kuacha kosa mahali pake. Aliyekuwa akifikiri kwamba kisiwa cha mbali kinamngoja yeye, sasa atafikiri kwamba delta ya Rufiji inamngoja yeye.

Haimngoji. Delta haijawahi kuwa pembe iliyosahauliwa na dunia. Mwaka 1999 mwanaakiolojia Felix Chami alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizochimbuliwa Mkukutu, upande wa Rufiji, naye ni miongoni mwa wanaoamini kwamba Rhapta, ile bandari iliyotajwa na mabaharia wa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita, ilikuwa maeneo haya. Boriti za mikoko ya Rufiji zilikwenda Unguja, Oman na Ghuba nzima kwa majahazi, na upana wa vyumba vingi vya Mji Mkongwe ulifuata urefu wa boriti. Mwaka 1914 meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika milango ya delta hii, na Waingereza walihitaji miezi mingi kuimaliza. Mabaharia wake waliizamisha wenyewe tarehe 11 Julai 1915. Misikiti ilikuwapo, vyuo vya Kurani vilikuwapo, watu waliandika barua kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu kabla misheni yoyote haijafungua darasa. Hata hivyo, orodha za mashirika ya umisheni zinazozunguka duniani zinawataja Warufiji na Wandengereko kuwa ni watu wasiofikiwa. Hawajafikiwa na nani? Neno hilo linamfanya msafiri kuwa ndiye kipimo cha dunia: pale ambapo yeye hajafika, hapajafikiwa.

Kiswahili chenyewe kinaikataa kanuni hii. Katika pwani yote, na delta imo, hakuna anayeingia ua wa mtu bila hodi. Inapigwa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Isipojibiwa, mgeni anarudi alikotoka, na hanung'uniki. Wahubiri wanapenda kuitumia methali ya mgeni njoo mwenyeji apone, wakijiona wao ndio dawa. Waisikilize tena. Neno "njoo" limetoka kinywani mwa mwenyeji. Mgeni hajasema lolote bado. Yuko nje anasubiri.

Kwa hiyo swali la "kaitwa na nani" halijibiwi kikamilifu kwa kusema "na Mungu". Makala haya hayabishani na Mungu kuita. Yanabishana na desturi ya kumtumia Mungu kumnyamazisha mtu wa tatu, yule mwenye nyumba.

Kumbukumbu za pwani hii ziko wazi kwa anayetaka kuzisoma. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 hakuwa ameitwa kwa Waswahili hata kidogo, kwa hesabu zake mwenyewe. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo. Alikuwa amezuiwa Ethiopia, akaja pwani kutafuta mlango wa nyuma wa kuwafikia. Mlango huo hakuupata. Mwaka huohuo akamzika mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga. Kaburi liko Nyali. Kilichomweka Krapf katika historia ni jambo ambalo halikuwamo katika wito wake: Kiswahili. Na katika hilo aliingia kwa hodi. Alibeba barua ya Sultani Seyyid Said iliyowataka maliwali wamtendee wema. Alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, aliyeketi naye alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohedin. Kadhi Mwislamu akimsaidia mchungaji Mjerumani kutafuta neno sahihi la Kiswahili la kuumbwa kwa dunia: picha hiyo haionyeshwi kwenye semina za umisheni, maana haiendani na hadithi ya nuru kuingia gizani.

Kisiwa cha mbali kilichowavuta Waingereza wengi kilikuwa Unguja. Livingstone alihutubia Cambridge Desemba 1857, vijana wakasisimka, na misheni ya vyuo vikuu, ile UMCA, ikazaliwa kutokana na msisimko huo. Kundi la kwanza lilikwenda Magomero, katika Malawi ya leo, mwaka 1861. Askofu wao, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa Januari 1862, wenzake kadhaa wakafuata. Askofu Tozer aliyempokea kijiti akaliondoa kundi huko na kulihamishia Unguja mwaka 1864, akashutumiwa Uingereza kwamba ni mwoga aliyeukimbia wito. Mwoga huyo, pamoja na rafiki yake Edward Steere, msomi wa sheria, ndio waliofanya kazi iliyodumu. Steere alikaa chini akajifunza lugha kwa watu wa Unguja, na kufikia 1870 alikuwa amechapisha kitabu cha sarufi na mkusanyo wa hadithi za Waswahili. Hakuwa na ndoto ya usiku. Alikuwa na subira ya mwanafunzi, jambo ambalo halimlizi mtu kanisani.

Hapa Rufiji inaingia, na inaingia kwa uchungu. Juni 1873 Sultani Barghash alikubali, chini ya shinikizo la Waingereza, kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Siku ya Krismasi ya 1873 jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa Mkunazini, palipokuwa na soko hilo. Dunia ya Kikristo ikashangilia, na ilikuwa na haki. Lakini biashara haikufa. Iliacha bahari ikashika njia ya miguu, kutoka Kilwa kwenda kaskazini, ikikatiza bonde la Rufiji. Ofisa wa ubalozi wa Uingereza, Frederic Elton, alipita njia hiyo majira hayohayo, Desemba 1873 na Januari 1874, na katika muda wa mwezi mmoja akahesabu watumwa zaidi ya 4,000 wakipelekwa kaskazini. Wakati nyimbo za Krismasi zinaimbwa kisiwani, minyororo ilikuwa inavuka Rufiji. Macho yote yalikuwa kwenye kisiwa, kwa kuwa kisiwa ndicho kilichokuwa na hadithi.

Waliojua biashara ile kwa miili yao ndio waliogeuka kuwa wamisionari wa kweli wa kusini, ingawa mabango ya umisheni hadi leo yanachora Mzungu mwenye kofia pana. Tozer alipofika Unguja, Sultani Majid alimpa wavulana 5 waliokuwa wametekwa kwa ajili ya utumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, akapewa upadri mwaka 1890, wa kwanza kwa Mwafrika katika misheni hiyo, na akafanya kazi Chitangali, kusini, kati ya Wayao wenzake. Kwao hao kisiwa cha mbali hakikuwa ndoto. Kilikuwa mahali walipobwagwa kama mizigo. Wito wao ulikuwa wa kurudi, na walirudi kwa watu waliokuwa na lugha moja nao. Mtu akitaka mfano wa kumpa kijana wa ushuhuda, Majaliwa anatosha, na hana haja ya kutafutwa kwenye vitabu vya Marekani.

Watetezi wa mshtuko wa moyo watasema: lakini unyofu? Mtu anayeacha kazi, akauza kiwanja, akaaga wazazi, je, si dhahiri kwamba ametumwa? Rufiji ina jibu la swali hilo, na ni jibu la damu. Mwaka 1904, Ngarambe, mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale alisimulia na kusimuliwa kuwa amechukuliwa na pepo hadi ndani ya kidimbwi cha mto, akatoka kesho yake akiwa mkavu, na maneno ya kuwapa watu. Watu wakamiminika kwake kutoka bondeni na milima ya Matumbi. Hakuna ushahidi kwamba alikuwa laghai. Waliomwendea walikuwa na kilio cha haki, pamba ya kulazimishwa na viboko vya Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwishoni mwa Julai 1905, dawa ya maji aliyowapa watu, iliyosemwa kwamba itazuia risasi, haikuzizuia. Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile pale Mohoro, tarehe 4 Agosti. Siku 10 baadaye, tarehe 14, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini, aliyekuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho, akauawa maeneo ya Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Naye alikuwa ameacha kwao, Tirol, kwa ajili ya wito. Watu wawili walioitwa, siku 10 kati yao, kila mmoja na uhakika wake. Waliokufa katika vita hivyo na njaa iliyofuata hukadiriwa kuanzia 75,000, na wanahistoria wengi wanapandisha idadi hiyo mara kadhaa. Unyofu wa aliyeitwa hauwezi kuwa hoja ya mwisho mahali ambapo unyofu ulishawahi kugharimu hivyo.

Wala tabia hii si ya dini peke yake. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 Serikali nayo ilisikia wito wa kuwaokoa Warufiji, ikawahamisha kutoka bondeni hadi vijiji vya nchi kavu. Nia ilikuwa njema. Ila mpunga hauoti kwa nia, na wakulima wakaendelea kurudi kwenye mashamba yao ya mtoni, wakilala juu ya madungu msimu mzima kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Hakuna aliyekuwa amewauliza maji ya Rufiji wanayachukuliaje: kama adui, au kama mbolea inayokuja na madhara yake.

Tofauti inaonekana pale watu walipoulizwa. Miaka ya 1990 Wizara ya Afya na washirika wake wa Kanada walianzisha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya za Rufiji, wakati huo Kibiti ikiwa ndani yake, na Morogoro Vijijini. Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba: nani kazaliwa, nani kafa, alianza kuumwa nini. Halafu bajeti ya wilaya ikapangwa kufuata majibu hayo badala ya mazoea. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hapakuwa na ushuhuda wa machozi. Palikuwa na daftari na hodi elfu kadhaa. Vivyo hivyo mwanaisimu wa Sweden, Eva-Marie Ström, alikaa na Wandengereko akawasikiliza, na mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Gothenburg kikatoa kazi yake juu ya Kindengereko, lugha ambayo wenyewe wanaiacha taratibu na kuhamia Kiswahili. Hakwenda kuwapa neno. Alikwenda kuchukua yao kwa adabu. Ni ajabu kidogo kwamba mtu asiyedai wito ndiye aliyetimiza sharti la kwanza la wito wowote.

Hoja nzito kuliko zote upande wa pili ni hii: ukingoja kukaribishwa na Waislamu wa delta, utangoja mpaka kiama. Inaonekana kali, lakini haijapimwa. Kibiti kuna hospitali ya misheni, Mchukwi, na wagonjwa wake wengi ni Waislamu. Hawaburutwi. Wanakwenda kwa sababu mtoto ana homa na mama ana uchungu. Huo ni mwaliko, tena una mipaka yake: umewaita waganga na wakunga, haujawaita wapiga spika. Anayeupokea akaishia pale ulipoishia anaheshimika vizazi. Anayeutumia kama upenyo anageuka mwizi wa karibu ya watu. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa dini na wa kuitangaza, na ni vizuri hivyo. Katiba inafungua barabara. Mlango wa nyumba unafunguliwa na mwenye nyumba.

Na Kibiti ina sababu zake za kumtazama mgeni mara mbili. Kati ya 2015 na 2017 wenyeviti wa vijiji na viongozi wengine waliuawa kwa risasi, usiku, na watu wasiojulikana; Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa siku moja. Watu walihama, wengine wakajifunza kutosalimiana na wasiowajua. Aprili 2024 mafuriko yakameza mashamba, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani hiihii. Kuingia katika vijiji kama hivi na jenereta, jukwaa na kauli kwamba usiku huu giza litakimbia, halafu kuondoka Jumatatu, ni kutojua uko wapi.

Biblia wanayoishika hao vijana haiungi mkono kanuni ya mshtuko. Paulo alivuka kwenda Makedonia baada ya kuona katika maono mtu wa Makedonia akimsihi avuke awasaidie. Hata katika ndoto, aliyeita alikuwa mwenyeji. Yona, ambaye watoto wa chuoni Mbwera, deltani, wanamjua kwa jina la Nabii Yunus, alipanda meli ya kwenda mbali kabisa, na umbali huo ulikuwa ni kukimbia. Novemba 2018 kijana Mmarekani wa miaka 26, John Chau, alikwenda kisiwa cha North Sentinel, India, ambako sheria inakataza mtu kusogea. Wenyeji walimjibu kwa mshale uliopiga Biblia aliyoishika. Hodi ilikuwa imejibiwa. Alirudi tena, akauawa. Wapo waliomwita shahidi wa imani. Wachache waliuliza ni nani Sentinel aliyekuwa amemwita.

Mfano unaopendwa kuliko yote katika mikutano ya umisheni ni wa Wamoraviani wawili, Leonhard Dober na David Nitschmann, waliotoka Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732 kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Husemwa walijiuza utumwani ili wapate kuwahubiria watumwa. Tanzania ina Wamoraviani wengi, wazao wa kazi iliyoanza Rungwe mwaka 1891, na hadithi hiyo inasimuliwa hadi kwa watoto. Walikuwa tayari, hilo ni kweli, lakini hawakujiuza. Mmoja alikuwa mfinyanzi, mwingine seremala, na ufundi ndio waliotegemea kuishi. Tena haikupita miaka 10 Wamoraviani wa kisiwani wakanunua shamba pamoja na watumwa wake, sehemu ambayo mahubiri huiruka.

Sehemu nyingine inayorukwa ni mwanzo wake. Mwaka 1731, mjini Copenhagen, kiongozi wao Zinzendorf alikutana na mtumwa mmoja wa St. Thomas aliyeitwa Anton. Anton ndiye aliyeomba. Alikuwa na ndugu zake kule shambani, naye alitaka mtu awafuate. Dober na Nitschmann walishuka kisiwani katikati ya Desemba 1732 na, miongoni mwa mizigo yao michache, walikuwa na barua ya Anton. Wakamtafuta dada yake, Anna, wakamsomea.